Pikipiki Isiyoanguka

Ukungu ulikuwa umelijaza bonde lote hadi usawa wa barabara, na mji mzima uliokuwa chini yake haukuonyesha hata paa moja. Mpelelezi Lorna Vasek wa ofisi ya sherifu alisimama ukingoni mwa Uwanja wa Sorrel, kikombe cha kahawa kikimpoa mkononi, akitazama mahali ambapo mji ulipaswa kuwepo. Usingizi ulikuwa umempiga chenga wiki nzima. Kila kitu asubuhi hiyo kilikuwa laini na mbali kidogo, hata pikipiki zilizokuwa zikipanda mlima: kwanza mngurumo, kisha taa, kisha mtu anayetoka katika weupe ule kana kwamba ndiyo kwanza ameumbwa.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi, kwa maoni ya kila mtu isipokuwa yeye. Jumamosi iliyopita marafiki wawili, Wendell Haas na Emmett Duarte, walipanda huku kushindanisha pikipiki zao. Wendell alikuwa na Tarrano nyekundu ya Kitaliano. Emmett alikuwa na Hokusen ya kijivu ya Kijapani. Hapa uwanjani walibadilishana, kila mmoja akapanda ya mwenzake, wakaingia barabarani. Kabla ya kona ya tatu gurudumu la nyuma la Hokusen lilijikamata ghafla, Wendell akarushwa nje ya reli ya barabara, akafa kabla helikopta haijamfikia.

Siku chache kabla ya hapo, fundi Nadine Oyler alikuwa ameibadilishia Hokusen ile breki za nyuma. Breki zenyewe zilisagika kwenye mawe, hazikuweza kujitetea. Mwendesha mashtaka Pryce alikuwa ameshaamua: uzembe, kuua bila kukusudia. Mashtaka yangefunguliwa leo mchana.

Vasek alikuwa amemtembelea Nadine jana. Gereji ilikuwa imefungwa, na mwanamke mwenyewe alikaa juu ya tairi kuukuu, hana habari na mtu.

"Nilizikaza zile bolti, afande," alisema. "Nakumbuka kabisa nilizikaza. Halafu nikikaa kidogo nakumbuka sikuzikaza. Sasa sijui. Waandikie tu kwamba ni mimi, tumalize."

Maneno hayo ndiyo yaliyompandisha Vasek mlimani. Mtu akikiri kosa analolikumbuka, sawa. Akikiri kwa kuchoka, hiyo ni habari nyingine.

"Afande, kahawa hiyo ni ya kunywa, si ya kuliwaza," alisema Bev Tillotson, mama wa miaka sitini na kitu aliyeuza kahawa kwenye gari lake hapo uwanjani kila asubuhi. Alivaa jaketi la ngozi lililochanika kiwiko, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Wendell na Emmett walikuwa wakigombana?" Vasek aliuliza.

"Kila Jumamosi, bwana! Ugomvi wa mke na mume. Wendell anasema Hokusen ni friji lenye magurudumu. Emmett anajibu, friji langu angalau linawaka kila asubuhi."

"Emmett alisema kweli," alidakia mwanamume mmoja mwenye ndevu aliyekuwa kwenye foleni ya kahawa. "Tarrano mjini inakuchoma mapaja. Taa nyekundu tatu tu, wewe mishikaki."

"Lakini ukiifungua huku juu!" alisema mwenzake.

"Huku juu unakaa nusu saa. Mjini unakaa maisha yako yote. Na siku ya kurekebisha valvu wanafumua pikipiki nzima, unapanda basi mwezi mzima. Mke wako umeshampakia nyuma?"

"Alipanda mara moja."

"Na?"

"Ndiyo hiyo mara moja."

Watu wakacheka. Bev akawafukuza kwa kitambaa cha kufutia meza, akamgeukia Vasek.

"Nieleze walivyobadilishana," Vasek alisema. "Taratibu, usiruke kitu."

"Hapa Sorrel tuna desturi. Pikipiki ya mtu hutambulishwa kama mchumba. Mwenyewe anakutajia tabia zake zote: klachi inashika wapi, breki inauma vipi. Halafu unazunguka nayo uwanja huu mpaka mwenyewe aridhike. Ndipo unatoka."

"Na siku hiyo?"

"Emmett alizunguka na ile nyekundu mpaka mimi nikaona kizunguzungu! Inashtuka, inazimika, inalia. Tukamzomea wee. Wendell kasimama katikati anamwonyesha kwa mkono, hivi." Bev aligeuza kiganja, juu kikawa chini, kisha akakirudisha, kama mtu anayegeuza chapati.

"Maana yake nini?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa na wateja."

"Emmett ni dereva mbovu?"

Bev alikunja uso. "Emmett? Anaendesha tangu hajaota ndevu. Ndiyo maana tulicheka."

"Wendell naye alizunguka na Hokusen?"

"Azunguke ya nini? Hokusen haina siri, afande. Hata marehemu bibi yangu angeipanda na rozari mkononi. Wendell aliipanda tu, wakaondoka, anacheka ndani ya helmeti na kumpigia Emmett kelele."

"Kumpigia kelele vipi, na helmeti kichwani?"

"Si wana redio humo ndani! Wanaongea njia nzima hao, kama makasuku."

Katika maelezo aliyoyatoa kwa polisi, Emmett alisema redio zilikuwa zimezimika, betri zimekwisha.

"Hiyo Hokusen yako iliyoegeshwa kando ya gari, Bev, ni sawa na ile iliyoanguka?"

"Mapacha. Rangi tu."

"Niazime."

Bev alimrushia ufunguo, akarudi kwenye birika lake. Vasek alisubiri kidogo. Hakuna aliyemtajia tabia, hakuna aliyemwambia azunguke uwanja. Alipowasha injini Bev hakuinua hata kichwa.

Katika ujana wake Vasek alikuwa askari wa barabarani, na mwili haukuwa umesahau. Hokusen ilimpokea bila maswali. Injini yake ilikuwa na sauti ya cherehani inayoshona chumba cha pili, vioo vilionyesha alichokiacha nyuma, na viganja havikubeba uzito. Barabara ilipanda taratibu kati ya vichaka vyenye harufu ya dawa. Vipande vya ukungu vilikatiza mbele yake, akawa anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, na kwa kitambo hakuhisi kama anaendesha bali kama milima ndiyo inayopita. Alielewa kwa nini Emmett aliipenda. Alielewa pia kwa nini hakuna mtu aliyeiogopa.

Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kisha barabara ikanyooka na kupanda zaidi, na hapo akasimamisha.

Alama ya tairi ilikuwa bado ipo, mstari mmoja mweusi, wa gurudumu la nyuma peke yake. Alikuwa ameuona kwenye picha, lakini picha hazionyeshi mlima. Mstari ulianzia katikati ya sehemu iliyonyooka, mbali kabisa na kona. Hapa hakuna mtu anayegusa breki. Hapa kila mtu anavuta mafuta. Na kama breki ingejikamata yenyewe kwa kukazwa vibaya, mbona haikujikamata kwenye kona mbili zilizotangulia, ilikotumika?

Alitembea kandokando ya ule mstari hadi kwenye reli iliyopinda. Mtu alikuwa ameacha maua na glovu moja. Vasek aliona uchungu mkali, akageuza uso.

Ripoti ya ukaguzi ilisema Hokusen ilikutwa ikiwa gia namba moja. Mkaguzi aliandika kwamba huenda gia ilijisukuma katika kuanguka, na Vasek alikuwa ameukubali mstari huo bila kuusoma mara ya pili. Sasa alirudi kwenye pikipiki ya Bev, akaurudia mwendo ule. Kutoka kona ya pili, gia namba mbili. Injini inapiga kelele, inaomba ya tatu. Mguu wa kushoto unainua pedeli, inaingia ya tatu. Lakini mguu ukibonyeza badala ya kuinua, inaingia ya kwanza, na kwa mwendo ule injini inalikamata gurudumu la nyuma kama ngumi.

Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Wendell Haas hakuwa mwanafunzi. Basi ni nini kilichoudanganya mguu wa mtu mzoefu?

Wiki nzima wataalamu wote, yeye akiwemo, walikuwa wamepiga magoti mbele ya pikipiki iliyoanguka. Vasek aliwasha Hokusen akateremka kwenda kuitafuta ile nyingine.

Graciela Haas alimfungulia mlango akiwa na taulo begani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho yaliyovimba, na hakuwa na subira ya salamu.

"Mmemkamata huyo mwanamke?"

"Bado, dada."

"Mnasubiri nini? Mume wangu yuko ardhini, yeye yuko gerejini kwake anakunywa soda. Nilimwambia kanisani mbele ya watu wote: mikono yako ina damu. Hakunijibu hata neno. Asiye na hatia angejibu."

Vasek hakubishana naye. "Naomba kuiona Tarrano."

Ilikuwa ndani ya gereji ya nyumbani, imefunikwa shuka. Graciela alieleza kwamba Emmett, aliyekaa nyumba ya pili ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeirudisha. Polisi walimruhusu kuondoka nayo mlimani kwa kuwa haikuhusika na ajali. Alikaa nayo kwake siku mbili.

"Alisema hana nguvu za kuniletea. Shemeji yangu yule ana moyo wa dhahabu. Kila asubuhi ananiletea mkate, anauacha mlangoni, haingii hata ndani."

"Haingii?"

"Anaona aibu ya kulia, nadhani."

Pikipiki hiyo haikuwa kielelezo mahakamani, kwa hiyo Vasek aliomba ruhusa ya mjane, akaipiga picha kila upande, kisha akaitoa barabarani.

Tarrano ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ukungu ulikuwa umeyeyuka mjini na jua la saa tano likaikuta njiani, nyekundu, kila mtu kwenye taa za barabarani akigeuza shingo. Lakini kwenye taa ya pili joto la injini lilishapanda mapajani, viganja vikaanza kuuma, na vioo havikuonyesha kitu isipokuwa viwiko vyake mwenyewe. Kisha alipata kipande cha barabara kisicho na magari, akaifungua kidogo, na maumivu yote yakasahaulika. Aliimba ndani ya helmeti bila kujijua. Hiyo ndiyo tabia ya Tarrano, inakutesa halafu inakubembeleza, na watu huwapenda wanadamu wa namna hiyo pia.

Kilichomkera ni mguu wa kushoto. Pedeli ya gia ilikaa juu mno. Kila alipotaka kubadilisha ilibidi anyanyue mguu mzima kutoka mahali pa kukanyagia. Vioo, usukani, klachi, vyote vilikuwa vimepimwa kwa mwili wa mtu anayejua anachotaka. Ila pedeli hiyo moja, kana kwamba iliwekwa na mtu mwenye haraka.

Aliirudisha, akalala ubavu sakafuni na tochi yake.

Pedeli iliunganishwa kwa fimbo nyembamba na mkono mdogo wa chuma unaoingia ubavuni mwa injini. Mkono ulielekea juu. Lakini chini yake, katika uchafu wa grisi ya mnyororo uliogandia injini kwa miaka, palikuwa na kivuli safi chenye umbo lilelile, kikielekea chini. Kichwa cha bolti kilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana inayong'aa.

Vasek alibaki amelala pale. Alihisi ubaridi wa sakafu mgongoni na furaha ndogo ya kishenzi ambayo wapelelezi hawaisemi mbele ya wafiwa.

"Dada," aliita, "Wendell aliwahi kukimbiza pikipiki mashindanoni?"

"Zamani, kabla hajanioa. Kwa nini?"

"Pikipiki za mashindano gia zake hugeuzwa. Kubonyeza kunapandisha, kuinua kunashusha. Kinyume cha pikipiki za watu wote."

"Ah, hiyo." Graciela karibu atabasamu. "Hakuna aliyeweza kuiendesha hiyo isipokuwa yeye. Alisema mguu wake ulisomea uwanjani, hataki kuurudisha shule."

"Sasa hivi gia zake ni za kawaida."

"Haiwezekani."

"Nimetoka kuiendesha. Naomba umwite Emmett. Usimwambie kitu."

Emmett Duarte alivuka barabara akijifuta unga mikononi. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye sura ya mtu aliyezoea kuwa wa pili katika kila picha. Graciela aliingia ndani, mlango wa jikoni ukabaki wazi nyuma yake. Emmett aliiona shuka sakafuni, kisha tochi, akasimama.

"Habari za mchana, afande."

"Nzuri, bwana Emmett. Redio zenu zilikuwa zimezimika siku ile?"

"Betri zilikwisha. Niliandika."

"Bev alimwona Wendell akicheka ndani ya helmeti. Alikuwa akicheka na nani, na malaika?"

Emmett alijifuta tena unga mikononi.

"Uwanjani ulizunguka na hii mpaka watu wakachoka. Dereva kama wewe, unashtuka na kuzimisha? Ulikuwa unajifunza gia za kinyume. Wendell alikuwa akikuonyesha kwa kiganja."

"Tarrano ni ngumu, afande. Kila mtu anajua."

"Nani aligeuza huu mkono wa gia?"

"Labda Wendell mwenyewe, kabla..."

"Kabla ya nini? Kama aligeuza kabla, wewe ulijifunza nini uwanjani? Na baada ya hapo Wendell alikuwa mochwari."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Emmett iliishia hapo, kwenye sakafu ya gereji ya rafiki yake. Alikaa juu ya sanduku la spana, mikono ikining'inia.

"Niligeuza mimi," alisema. "Nyumbani kwangu."

"Unajua leo Nadine anafunguliwa mashtaka?"

"Najua."

"Breki zake zilikuwa na kasoro?"

"Hazikuwa na kasoro yoyote. Nilizitumia siku nzima ya Ijumaa. Ni breki bora kuliko zote nilizowahi kuwekewa." Alianza kulia, bila sauti. "Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kusema. Nikitoka na mkate naushika huu mlango, nashindwa."

Vasek alitoa simu. "Pryce? Usifungue yale mashtaka. Hokusen haikuwa na tatizo, ni gia. Nina ushahidi, na nina shahidi aliyekaa nao nyumbani kwake." Alisikiliza kidogo. "Basi mwambie hakimu akale kwanza." Akakata. "Utatoa maelezo upya, Emmett. Na kuharibu ushahidi kuna kifungu chake cha sheria. Lakini kwanza niambie, ulikuwa unaficha nini? Ile ilikuwa ajali. Hakuna ambaye angekufunga."

Emmett alitikisa kichwa. Hakuwa akimtazama Vasek. Alikuwa akitazama mlango wa jikoni, ambapo Graciela alikuwa amesimama, na haikujulikana tangu lini.

"Redioni," Graciela alisema. "Alisema nini?"

"Shemeji, niache."

"Alisema nini, Emmett?"

Emmett alijifuta uso kwa mkono, unga ukambaki shavuni.

"Kona ya kwanza nilikosea. Niliinua, nikashusha gia badala ya kupandisha, nikakaribia kwenda chini. Wendell akasikia injini inavyolia. Akanicheka, akapunguza mwendo, akasema nifuate mimi, nitakwambia kila mahali pa kubadilisha. Usifikiri, wewe fuata sauti yangu tu. Kona ya pili alinipitisha vizuri kabisa." Aliitazama ile Tarrano. "Mpaka hapo yeye mwenyewe alikuwa akikumbuka. Hokusen alikuwa akiipeleka sawasawa. Tulipofika kwenye ule mlima ulionyooka akasema, sasa, ndugu yangu. Bonyeza."

"Ukabonyeza?"

"Nikabonyeza. Ikaingia laini kabisa, kama siagi. Nikafurahi."

Graciela aliishika fremu ya mlango.

"Na yeye?"

"Na yeye akabonyeza."

Nje gari lilipita, redio yake ikiimba, likatokomea. Vasek alijikuta ameshika tochi inayowaka mchana kweupe, akaizima. Aliona huruma, na hakujua aigawe vipi kwa watu wawili waliokuwa mbele yake na wa tatu aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu upande wa pili wa mji.

Graciela hakupiga kelele. Alishuka ngazi ya jikoni, akapita kando ya Emmett akimgusa bega kidogo, kama mtu anayeshika ukuta asianguke, akamfikia Vasek na kunyoosha mkono.

"Nipe simu. Namba yake unayo."

Vasek alimtafutia namba, akampa. Iliita kwa muda mrefu. Kisha upande wa pili mtu akapokea.

"Nadine," alisema Graciela. "Ni mimi, mke wa Wendell. Usikate, nakuomba. Si wewe, mama. Unanisikia? Si wewe."